Gari la Otomatiki Linapozima Likisimama: Tuanzie Wapi Kutafuta Kasoro

Gari la gia za mkono likizima njiani, abiria hushuka wakasukuma, dereva akaachia klachi, safari ikaendelea. La otomatiki halikubali hivyo. Giaboksi yake hushikana na injini kwa nguvu ya oili, na oili hiyo husukumwa na injini yenyewe. Basi hata likisukumwa na watu ishirini haliwaki. Kwa dereva anayetoka Lodwar kwenda Kakuma, yapata kilomita 120, au anayeendelea kupitia Lokichoggio hadi Nadapal mpakani na Sudan Kusini, hiyo si tofauti ndogo. Somo la toleo hili ni kwa madereva na kwa wanafunzi wa ufundi wa magari katika vyuo vya kaunti, na linahusu magari ya petroli.

Kwanza kipimo. Injini ikishapata moto, gia ikiwa P na AC imezimwa, mshale wa RPM kwenye magari mengi madogo hutulia kati ya 600 na 800. Ukiingiza D huku umekanyaga breki, hushuka kidogo tu. Ukishuka chini ya 500, gari likatetemeka na taa ya betri ikamulika, hapo kuna ugonjwa.

Kabla ya kununua kipuri chochote, chukua kalamu uandike gari huzima lini. Asubuhi likiwa baridi, au baada ya mwendo mrefu juani? Likiwa P, au likiwa D tu? Ukiwasha AC? Ukikata kona? Fundi akipata majibu hayo amepata nusu ya kazi. Asipoyapata, atabadilisha plagi, kisha koili, kisha pampu ya mafuta, na wewe ndiye unayelipa.

Gari linalotulia likiwa N lakini likazima ukiingiza D au ukiwasha AC, mara nyingi linakosa hewa. Mzigo umeongezeka, injini inataka hewa zaidi, nayo njia imeziba. Kagua filta ya hewa. Kwa vumbi letu usingoje kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu cha gari. Kisha fungua bomba la hewa utazame mlango wa hewa, ambao mafundi huuita throtoli. Ukiona ukingo wake umeganda masizi meusi, umempata mshukiwa wa kwanza. Usafishwe injini ikiwa imezimwa, kwa kitambaa laini na dawa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Kama unaendeshwa kwa umeme, usiusukume kwa kidole. Baada ya kusafisha, au baada ya kutoa waya wa betri, mshale unaweza kukosa kutulia kwa muda, kwa kuwa kompyuta ya gari inajifunza upya. Liache lingurume likiwa P kwa dakika 10 hivi kabla ya kumlaumu fundi.

Kasoro ya pili ni hewa inayoingia mahali isipotakiwa. Mipira midogo ya hewa inayozunguka injini hukauka kwa joto na kupasuka, na gari lililozeeka katika jua la Turkana huwa na mipira ya namna hiyo. Sikiliza mlio wa kufoka. Nyunyizia maji kidogo kwenye maungio. Mngurumo ukibadilika, tundu liko hapo. Wako wanaonyunyizia petroli ili wapate jibu haraka. Injini ikiwa moto, jibu hilo linaweza kuja na moto.

Usisahau busta ya breki, kwa sababu nayo hutumia hewa ya injini. Gari likiwa P, kanyaga breki: ukisikia mfoko karibu na miguu na mshale ukayumba sana, busta au mpira wake unavuja. Hilo lisingoje safari nyingine.

Kuna gari ambalo huzima tu linapofika kusimama baada ya kukimbia, kwa mshtuko, kama la gia za mkono lililosimamishwa bila kukanyaga klachi. Hapo shuku toko konvata, ile bakuli ya oili iliyo kati ya injini na giaboksi, imekwama bila kuachia. Pima oili ya giaboksi. Kama ni nyeusi na inanuka kuungua, mpelekee fundi wa giaboksi.

Likizima zaidi wakati wa joto huku tangi likikaribia kuisha, fikiria pampu ya mafuta. Pampu nyingi zimo ndani ya tangi na hupozwa na petroli yenyewe. Mafuta ya kununua kwa mitungi nayo huja na maji na mchanga.

Dawa moja ya mkato tunaikataa: kukaza skrubu ya throtoli ili mshale upande. Gari halizimi tena, ni kweli, lakini ugonjwa umebaki. Ukiingiza D linaruka, giaboksi inapigwa, na likisimama sokoni mbele ya watoto linang'ang'ania kwenda.

Na likizima ukiwa mwendoni? Usukani utakuwa mzito lakini utageuka, mradi usizungushe ufunguo hadi mahali pa kufunga usukani. Breki ina akiba ya kukanyaga mara mbili au tatu tu, kwa hiyo kanyaga mara moja kwa nguvu, usipigepige. Ingiza N ujaribu kuwasha, maana likiwa D stata haizunguki. Kama gari lina dalili hizi, usiliteremshe kwenye laga kama Kawalase au Tarach wakati wa mvua. Maji hutoka milimani hata kama ulipo pamekauka.

Likikataa kabisa, usikubali livutwe kwa kamba magurudumu yanayoendeshwa na injini yakiwa chini. Injini ikiwa imezima, oili haizunguki ndani ya giaboksi, na kilomita chache zinatosha kuiunguza. Kwa gari linalovuta kwa mbele, magurudumu ya mbele yainuliwe. La magurudumu manne libebwe juu ya lori.