Si Kila Mgongo Uliopinda Ni wa Maji



Sisi wa Makumira, Maji ya Chai na Ngurdoto tumezoea jibu moja. Tukiona mtu mwenye meno ya kahawia amepinda mgongo, twasema, "Ni maji." Mara nyingi ni kweli. Maji ya sehemu nyingi kuzunguka Mlima Meru yana floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani. Magadi ya kupikia makande nayo huongeza. Madini hayo hujijenga katika mifupa miaka mingi, na kuchemsha maji hakuyaondoi. Mgongo ulioganda hivyo hauna dawa ya kuunyoosha. Kinga ni maji salama tangu utotoni. Miguu ya watoto iliyopinda, hiyo hunyooshwa kwa upasuaji, na The Plaster House ya Arusha hulea watoto wa namna hiyo kabla na baada ya kupasuliwa.

Lakini jibu hilo la "maji" huwachelewesha wengine. Mtoto analalamika mgongo, anakonda, anatoka jasho usiku, kisha kinatokeza kinundu katikati ya mgongo. Huyo tumfikirie kifua kikuu cha uti wa mgongo, hata kama hakohoi. Vijidudu hula pingili upande wa mbele, pingili inabomoka, na mgongo unakunjika. Usaha ukibana mishipa ya fahamu, miguu hulegea. Akiwahi hospitali, dawa pekee huweza kumponya. Dawa hizo hutolewa bure, na mtoto huzimeza miezi 12 bila kukatiza. Akichelewa, vijidudu vitakufa lakini kibyongo kitabaki, na huenda akahitaji upasuaji mkubwa wa kuondoa usaha na kufunga pingili kwa vyuma na skrubu.

Uko pia mgongo unaopinda kwenda ubavuni, hasa kwa wasichana wanaokua. Mwambie ainame mbele, mikono ikining'inia. Upande mmoja wa mbavu ukiinuka kuliko mwingine, apelekwe akapigwe eksirei. Kupinda kwa kadiri huzuiliwa kwa mkanda maalumu wakati bado anakua. Kukipita nyuzi 45 au 50 hivi, madaktari hufikiria upasuaji. Kwetu rufaa huelekea KCMC Moshi, au Taasisi ya Mifupa Muhimbili.

Wafadhili hutuuliza gharama ya upasuaji, na ni haki yao. Sisi tunaona nauli ya mwezi wa saba wa dawa ndiyo inayosahaulika, wakati mtoto ameshanenepa na mama anaona amepona.

Katika kikao kijacho kila mtaa ulete majina ya watoto wote wenye migongo iliyopinda, wakiwamo wale tuliokwisha kusema ni maji.