Hifadhi ya Udongo: Mfano wa Kondoa

Udongo hutokana na miamba inayovunjwa polepole na joto, maji na mizizi, kisha ikachanganyika na mboji. Sentimita moja huweza kuchukua zaidi ya miaka 100 kuundwa, lakini mvua chache huiondoa.

Huko Kondoa, mkoani Dodoma, ukataji miti na mifugo mingi viliacha ardhi wazi, na makorongo yakatokea. Mwaka 1973 mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO) ulianza kujenga makinga maji na kupanda miti. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililoharibika. Nyasi na vichaka vikarudi. Hata hivyo, wafugaji walipoteza malisho.

Kumbuka: Katika mtihani usiorodheshe njia tu. Eleza kila njia inazuia chanzo gani, na nani anabeba gharama yake.