SOMO LA KUMI NA NNE: HAMISI ANAJIANDAA KWA MTIHANI WA UDEREVA

Hamisi ni mkulima wa mahindi na alizeti. Anaishi katika kijiji kilicho kando ya barabara kuu ya Morogoro hadi Dodoma. Alijifunza kusoma katika darasa la watu wazima akiwa na umri wa miaka 34. Sasa anasoma barua zake mwenyewe. Anasoma maelezo ya dawa za mifugo. Anaandika hesabu za mauzo yake katika daftari.

Hamisi na shemeji yake wamenunua pikipiki. Wanataka kupeleka mazao gulioni, na baadaye kubeba abiria. Hamisi anaweza kuiendesha katika njia za mashambani. Lakini barabara kuu ni jambo jingine. Kule kuna malori na mabasi. Tena kuna sheria.

Anayetaka kuendesha chombo cha moto barabarani lazima awe na leseni ya daraja la chombo hicho. Leseni ya pikipiki ni ya daraja A. Kwanza mtu huchukua leseni ya kujifunzia, ambayo wengi huiita lena. Kisha hujifunza. Mwisho hupimwa. Huulizwa maswali ya sheria na alama za barabarani, na hupimwa pia jinsi anavyoendesha.

Kuendesha hakumtishi Hamisi. Karatasi ya maswali ndiyo inayomtisha.

Karatasi ya majibu

Siku moja jirani alimletea Hamisi karatasi yenye maswali 20 na majibu yake.

"Usijisumbue kusoma sana," jirani alisema. "Kariri tu. La kwanza ni b, la pili ni a, la tatu ni c."

Hamisi alikariri kwa wiki mbili. Alikariri akilima. Alikariri akichota maji. Halafu akaipeleka karatasi hiyo darasani.

"Bwana Hamisi," Mwalimu alisema, "swali la tatu linasemaje?"

"Jibu ni c, Mwalimu."

"Sikuuliza jibu. Nimeuliza swali linasemaje."

Hamisi alinyamaza. Mwalimu akachukua chaki. Akaandika swali la tatu ubaoni, lakini akabadilisha mpangilio wa majibu:

Dereva akiona watoto wanataka kuvuka barabara afanye nini?
a) Apunguze mwendo na awe tayari kusimama.
b) Awashe taa na aendelee.
c) Apige honi na aongeze mwendo.

"Haya, jibu ni lipi?"

"Ni c," Hamisi alijibu upesi.

Darasa zima lilicheka. Hamisi akasoma tena ubao, safari hii polepole. Uso wake ukabadilika. Shule ya msingi ya kijiji iko ng'ambo ya barabara kuu. Binti yake yuko darasa la pili. Kila siku huvuka barabara hiyo mara mbili.

Kicheko kikakoma. Karibu kila mtu mle darasani ana mtoto anayevuka pale.

"Ndugu zangu," Mwalimu alisema, "mtihani huu ni barabara iliyoandikwa kwenye karatasi. Mwenye kukariri herufi anaweza kupita kwenye karatasi. Lakini barabarani hakuna a, b wala c. Tujifunze maana."

Alama zina lugha yake

Siku iliyofuata Mwalimu alichora alama za barabarani ubaoni.

"Alama husomwa kwa umbo, kwa rangi na kwa picha," alisema. "Umbo huonekana kwanza, hata kwa mbali."

Wanakisomo waliandika hivi:

1. Pembetatu yenye ukingo mwekundu hutoa onyo. Picha iliyo ndani huonyesha hatari iliyo mbele, kama kona kali, watoto au wanyama.

2. Duara lenye ukingo mwekundu hutoa katazo au hueleza kikomo. Likiwa na namba 50, maana yake ni usizidishe kilomita 50 kwa saa.

3. Duara la bluu hutoa amri. Likiwa na mshale, fuata mshale huo.

4. Mstatili hutoa maelezo, kama njia iendayo mjini au mahali pa hospitali.

5. Pembetatu iliyopinduliwa, ncha ikiwa chini, maana yake ni wapishe wengine.

6. Umbo jekundu lenye pembe nane maana yake ni simama kabisa.

"Kwa nini hawaandiki maneno tu?" mama mmoja aliuliza. "Sasa tunajua kusoma."

"Swali zuri, mama," Mwalimu alijibu. "Barabara hii hupitwa na madereva wa nchi nyingi. Wengine hawajui Kiswahili. Tena aendaye mbio hana muda wa kusoma sentensi. Ndiyo maana mwaka 1968 nchi nyingi zilikutana mjini Vienna, zikaandika mkataba wa alama za barabarani ili zifanane. Na umbo la pembe nane limetengwa kwa alama ya kusimama peke yake. Hata ukiiona kwa nyuma, au ikiwa na vumbi, utaitambua."

Mistari iliyochorwa barabarani nayo husomwa. Mstari mweupe wa katikati ukiwa umekatika katika, unaweza kulipita gari lililo mbele ikiwa ni salama. Mstari usiokatika ukiwa upande wako, usiuvuke. Mara nyingi huchorwa penye kona au kilima, mahali ambapo huwezi kuona anayekuja. Kwenye kipita shoto, wapishe waliokwisha kuingia, wanaotoka kulia kwako.

Hesabu ya mwendo

"Kwa nini sheria inasema kilomita 50 kwa saa kwenye makazi ya watu?" Mwalimu aliuliza. "Tupige hesabu."

Kilomita 50 ni mita 50,000. Saa moja ina sekunde 3,600.
50,000 ÷ 3,600 = karibu 14.

Basi kwa mwendo huo pikipiki hupita mita 14 katika kila sekunde moja.

Mwalimu akawatoa wanakisomo nje, chini ya mwembe. Hamisi alipiga hatua 14 ndefu, kila moja kama mita moja. Akasimama.

"Mtoto ametokea ghafla," Mwalimu alisema. "Jicho limeona, akili imefikiri, mkono umeshika breki. Sekunde moja imepita. Umekwisha kufika hapo ulipo, na pikipiki haijaanza kupunguza mwendo. Sasa ongeza hatua nyingine 14. Hizo ni za breki, kwenye lami kavu."

Hamisi akapiga hatua nyingine 14. Akageuka kuutazama mwembe. Ulikuwa mbali, hatua 28.

"Na kwa kilomita 100 kwa saa?" aliuliza.

"Sekunde ya kufikiri itakuchukua mita 28. Na mwendo ukiwa mara mbili, umbali wa breki huwa mara nne. Yaani mita 56. Jumla ni 84. Mvua ikinyesha, huzidi hapo."

Hamisi hakusema kitu. Alianza kuhesabu kwa macho kutoka mwembe hadi kwenye uzio wa darasa. Uwanja haukutosha.

Soma swali hadi mwisho

Wiki ya tatu Mwalimu aliwapa swali hili:

Lipi kati ya haya si sababu ya kupunguza mwendo?
a) Mvua
b) Ukungu
c) Barabara nyeupe, kavu, isiyo na watu
d) Ng'ombe kando ya barabara

Hamisi aliandika d.

"Unajua kwamba ng'ombe ni hatari?" Mwalimu aliuliza.

"Najua sana, Mwalimu. Mimi ni mfugaji."

"Basi umekosa kwa sababu gani?"

Hamisi akasoma tena, kidole kikifuata maneno. Akakuta neno "si". Alikuwa amelirukia.

Ndugu msomaji, wengi hukosa si kwa kutojua sheria, bali kwa kuruka neno dogo. Jihadhari na maneno haya:

- si, siyo, hapana: hugeuza maana yote.
- isipokuwa: hutaka kile kilicho tofauti na vingine.
- kwanza: hutaka jambo la kuanzia, hata kama yote ni kweli.
- lazima na unaweza: lazima ni amri, unaweza ni hiari.

Fanya hivi. Soma swali lote bila kutazama majibu. Pigia mstari neno linalogeuza maana. Jiambie jibu kwa maneno yako mwenyewe. Kisha tafuta jibu linalofanana na lako. Soma majibu yote, hata kama la kwanza linapendeza. Likikushinda, liache uendelee na mengine, halafu urudi.

Siku ya mtihani

Usiku wa kuamkia mtihani Hamisi alilala mapema. Asubuhi alichukua kitambulisho, leseni yake ya kujifunzia na kalamu mbili. Jirani alimwambia kwamba kuna watu mjini wanaoweza kumpatia leseni bila mtihani, akitoa fedha.

"Nikinunua leseni," Hamisi alijibu, "nani atamnunulia binti yangu mita 28?"

Hamisi alifaulu. Lakini alikosa maswali mawili. Kabla ya kuondoka alimwuliza mtahini ni yapi. Jioni aliyaandika ubaoni darasani, na wenzake wakayajibu pamoja naye. Swali moja lilihusu kofia ngumu. Hamisi alidhani ni ya dereva peke yake. Sheria inataka abiria wa pikipiki naye avae.

Kesho yake alinunua kofia ya pili.

MANENO YA KUJIFUNZA

mtahini: mtu anayepima wengine katika mtihani
katazo: neno au alama ya kuzuia jambo
kikomo: mwisho usioruhusiwa kuuzidi
kipita shoto: mzunguko wa njia panda, ambapo magari huzunguka yakipita kushoto
ukingo: sehemu ya pembeni inayozunguka kitu

MASWALI

1. Kwa nini Hamisi alikosa swali la watoto wanaovuka, ingawa alikariri majibu?
2. Alama ya pembetatu yenye ukingo mwekundu hutoa nini? Duara la bluu je?
3. Pikipiki inakwenda kilomita 50 kwa saa. Hupita mita ngapi kwa sekunde moja?
4. Tunga swali moja lenye neno "isipokuwa". Mpe mwenzako alijibu.

KAZI YA KIKUNDI

Nendeni nje pamoja na mwalimu, mbali na barabara. Pimeni hatua 28, kisha 84. Jadilianeni: ni wapi kijijini kwenu watoto huvuka barabara, na dereva huwaona akiwa umbali gani?