Siri na Taa: Namna ya Kupima Mistari Miwili ya Marko 4 Inayoonekana Kupingana

Katika Marko 4:11-12 Yesu anasema walio nje huambiwa kwa mifano ili wasielewe. Mistari 10 baadaye, 4:22, mara baada ya mfano wa taa, anasema hakuna kilichofichwa ila kwa ajili ya kudhihirishwa. Je, ujuzi wa Mungu umefungwa au uko wazi? Swali si la kitaaluma tu. Niliwahi kuketi katika kikundi cha kujifunza Biblia ambako kiongozi aliushika mstari wa 11, unaotaja siri ya ufalme wa Mungu, akatuambia siri ni ya watumishi, sisi wengine tungoje kugawiwa.

Tenga saa 1 na nusu. Usiruke hatua.

Vifaa: Biblia 2 (Union Version na Habari Njema), daftari 1, rula, penseli 1 ya kawaida, 1 nyekundu, 1 ya bluu.

Istilahi: "Jozi" ni Marko 4:11-12 pamoja na 4:22. "Kiungo" ni neno linaloonyesha kusudi au sababu. "Mgongano" ni pale kauli mbili haziwezi kuwa kweli zote mbili kwa watu walewale, wakati uleule na kwa maana ileile. Sharti moja likikosekana, hakuna mgongano.

1. Soma Marko 3:20 hadi 4:34 kwa sauti, mara 2, bila kuandika. Usianzie 4:1. Ukaguzi: bila kutazama, taja waliosimama nje katika 3:31. Kama hukusema mama yake na ndugu zake, soma mara ya 3.

2. Pigia mstari mwekundu neno "nje" katika 3:31, 3:32 na 4:11. Kisha pigia mstari wa bluu watu walioketi kumzunguka (3:32, 3:34) na waliokuwa karibu naye walipomuuliza (4:10). Tazama rangi zilivyokaa. Ndugu wa damu wako nje. Watu wasiotajwa hata majina wako ndani. Na waliouliza katika 4:10 si wale Thenashara peke yao. Ndani, kwa Marko, si cheo wala ukoo. Ni kusogea karibu na kuuliza. Ukaguzi: soma 4:13 na 8:17-18. Hao walio ndani nao wanakemewa kwa kutoelewa, na katika 8:18 wanaulizwa kama wana macho wasione, shutuma ileile iliyowaangukia walio nje. Dai la yule kiongozi linakufa hapa.

3. Chora jedwali la safu 3: mstari, kiungo cha Union Version, kiungo cha Kigiriki. Lijaze hivi: Marko 4:12, "ili", hina; Mathayo 13:13, "kwa kuwa", hoti; Marko 4:22, "makusudi", hina. Mathayo, katika kauli hiyohiyo, anatoa sababu: watu hawaoni, ndiyo maana wanaambiwa kwa mifano. Marko anatoa kusudi. Usiilainishe "ili" ya Marko kwa kubandika juu yake sababu ya Mathayo. Inauma, iache iume. Sasa weka rula chini ya safu ya Kigiriki. Marko ametumia hina pande zote mbili za jozi, lakini Kiswahili kimeitafsiri kwa maneno mawili tofauti, na msomaji akapoteza uzi. Kuficha kuna kusudi, na kufichwa kwenyewe kumewekewa kusudi la kudhihirishwa.

4. Fungua Isaya 6:9-13, chimbuko la maneno ya Marko 4:12. Usiishie mstari wa 10, ambapo wengi huishia. Katika mstari wa 11 nabii anauliza ni hadi lini, naye anajibiwa: kuna kikomo. Mstari wa 13 unataja kisiki cha mti uliokatwa, na mbegu takatifu. Aliyekata mwarobaini akaukuta umechipua baada ya mvua hahitaji maelezo. Andika "kuna muda" pembeni mwa Marko 4:12.

5. Pima jozi kwa masharti 3. Watu walewale? Hapana: 4:12 inawahusu walio nje, 4:22 haitaji kundi. Wakati uleule? Hapana: kufichwa ni kwa sasa, kudhihirishwa kunakuja. Maana ileile? Andika ndiyo, kwa sababu kinachofichwa ndicho kinachofunuliwa. Masharti 2 yamekosekana, hivyo jozi si mgongano. Linabaki swali zito: kwa nini mtu aachwe nje hata kwa muda? Liandike peke yake kwenye ukurasa mpya. Hatua hizi hazilifuti, na asikudanganye mtu kwamba zimelifuta.

6. Rudia hatua ya 1 hadi ya 5 kwa Mathayo 7:6 (lulu na nguruwe) na 7:7 (kuomba na kupewa), ukianza kusoma 7:1 hadi 7:12. Jozi sasa ni mistari hiyo miwili; usibadili istilahi nyingine yoyote. Kati ya mistari hiyo miwili hakuna kiungo. Andika "hakuna" kwenye jedwali, usibuni.