Biashara Ikianguka, Angalia Rekodi Kabla ya Kuanza Tena

Leo tunazungumza na wewe ambaye kibanda kilifungwa, stoku ikaisha, na sasa una shilingi chache unataka kujaribu tena. Kila mtu anakwambia usikate tamaa. Sawa, lakini kujaribu tena kwa njia ile ile ni kupoteza pesa mara mbili.

Mfikirie Julius Yego, yule Mkenya wa kurusha mkuki kutoka Nandi. Katika nchi ya wakimbiaji hakuwa na kocha wa mkuki, basi akawa anaenda saiba kutazama kwenye YouTube jinsi mabingwa kama Jan Železný na Andreas Thorkildsen wanavyorusha, kisha anarudi uwanjani kujirekebisha. Mwaka 2012, kwenye Olimpiki ya London, alifika fainali akamaliza wa 12. Mwaka 2013 kule Moscow, kwenye mashindano ya dunia, akawa wa nne, nafasi moja tu nje ya medali. Mwaka 2015 huko Beijing alirusha mita 92.72, akawa bingwa wa dunia. Watu husimulia habari hii kama ya moyo mgumu tu. Sisi tunavutiwa zaidi na zile video: alitazama, akalinganisha, akabadilisha.

Lakini kuna tofauti moja, na hapo ndipo mfanyabiashara huumia. Kwenye fainali ya mkuki, wanaofuzu hadi mwisho hurusha mara sita na kila mmoja huhesabiwa mrusho wake bora pekee. Mrusho mbaya haukupunguzii kitu. Kwenye biashara, jaribio baya linakula mtaji, na wakati mwingine linakula karo ya watoto.

Video yako wewe ni taarifa ya miamala ya simu. Iombe kupitia menyu au programu, chukua ile miezi ambayo biashara ilikuwa inaendelea, kaa chini na kalamu. Weka alama moja kwa pesa zilizonunua bidhaa, nyingine kwa za nyumbani, nyingine kwa mikopo na ada zake. Usisahau zile mia mbili mbili ulizotumia watu. (Hizo ndizo hushangaza wengi zikijumlishwa.)

Chukulia ulikuwa unauza mitumba, mtaji ukiwa shilingi 8,000. Kwa siku uliuza nguo za 1,500 ambazo ulinunua kwa 1,100. Faida ni 400. Lakini nauli, chakula na matumizi ya nyumbani vilikuwa 500, na vyote vilitoka kwenye laini moja. Hapo unakula 100 ya mtaji kila siku, na kwa siku 80 zote 8,000 zimeisha. Kwa kweli zitaisha mapema zaidi, maana stoku ikipungua, wateja hukosa saizi zao na mauzo hushuka. Wewe utasema soko lilikuwa baya au jirani alikuonea wivu. Kumbe ni mia moja tu kwa siku. Ukirudi na mtaji mwingine wa 8,000 bila kugusa hiyo mia, utafunga tena, hata ukiamka saa kumi alfajiri.

Ukishaijua hiyo shimo, jaribu tena na pesa kidogo. Kama una 6,000, anza na 2,000 kwa wiki mbili. Pokea malipo ya wateja kwenye nambari ya biashara, pesa za nyumbani zikae kando, na ujilipe kiasi kimoja kisichozidi faida. Katika mfano wetu, hata 300 ni sawa. 500 hapana.

Mkopo wa simu usiwe mtaji wa kuanzia. Mkopo wa siku 30 unadaiwa siku ya 30, iwe nguo zimenunuliwa au zimelala.

Na ujihadhari: aliyeanguka ndiye matapeli humtafuta. Mtu akikupigia kuwa mkopo wako umekubaliwa ila utume kwanza ada ya usajili, kata simu. Hakuna mfanyakazi wetu atakayekuomba PIN, na taarifa yako ya miamala usimtumie mtu usiyemjua, kwa sababu inaonyesha majina ya watu unaofanya nao kazi.

Wiki mbili zikiisha, omba taarifa nyingine, uiweke kando ya ile ya zamani. Angalia mstari wa bidhaa kwanza.