Pia za Kagunga: Namna ya Kuandaa Mashindano Ziwa Likiwa Limefungwa

Wanafunzi wengi tukirudi likizo Kigoma tunakuwa na wazo moja tu kichwani: bonanza la mpira. Jezi zinaazimwa, mbuzi ananunuliwa, na jioni kamati inagombana kuhusu huyo mbuzi. Sina neno na mpira. Ila kwa Kagunga, kule mwisho kabisa kaskazini, ukishapita Gombe na kabla hujagusa Burundi, kiwanja tambarare ni shida. Milima iko mgongoni, maji yako miguuni, na ukanda uliobaki katikati umejaa nyumba, mitumbwi na vichanja vya dagaa. Mchezo unaotakiwa pale ni ule unaoenea kwenye nafasi ya mkeka mmoja. Ndiyo maana somo hili linahusu pia.

Nasema pia ile inayozunguka, siyo "pia" ya "vilevile". Hata goti lina pia yake, ule mfupa wa duara unaocheza mbele ukikunja mguu. Aliyeupa jina hilo bila shaka alikuwa amewahi kushika kamba ya pia.

Wakati wake

Tuanze na kalenda, maana ndiyo inayoua mashindano mengi kabla hayajaanza. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Ilikuwa sehemu ya makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa, yaani sisi, Burundi, Kongo na Zambia, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Hoja ya kitaalamu naiunga mkono. Lakini fikiria kijiji kinachokula, kusomesha na kuoa kwa dagaa na migebuka, halafu kinaambiwa kikae miezi mitatu. Kijana aliyezoea kushuka mwaloni jioni na taa zake sasa anashinda kijiweni. Mwezi wa kwanza ni mapumziko. Wa pili ni madeni.

Mashindano ya pia hayaweki ugali mezani, tusidanganyane. Yanachofanya ni kumpa mchongaji wateja wa wiki mbili, kumpa mama wa maandazi siku moja nzuri, na kumpa kijana kitu cha kufikiria kesho yake zaidi ya deni. Na kalenda yenyewe inasaidia: mwezi wa sita shule zinafunga, mvua zimeshakata, na wavuvi wapo nchi kavu. Ziwa likiwa wazi, panga siku za mbalamwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa, na mwezi ukishang'aa taa hazivuti kitu, kwa hiyo wavuvi wengi hupumzika. Ukipanga kwenye giza la mwezi utacheza na watoto peke yao.

Tahadhari moja: kiangazi ndicho msimu wa upepo wa kusini, na ziwa huchafuka. Ukialika watu kutoka Kigoma mjini au Mwamgongo, waje siku moja kabla. Usipange fainali kwa kutegemea boti iliyo njiani.

Pia gani?

Hapa ndipo kamati itagawanyika, bora igawanyike mapema. Kuna pia ya mjeledi, ile unayoitandika kwa kamba ya mgomba ili isilale. Kuna pia ya kamba, unaizungushia kamba mwilini, unairusha chini, kamba inabaki mkononi. Kuna ya vidole, hata kizibo cha soda na kijiti kinatosha. Halafu kuna zile za plastiki na chuma za dukani, Beyblade, zilizotoka Japani mwaka 1999 na kuenea dunia nzima pamoja na katuni zake. Zina kirushio chenye meno, unavuta, pia inadondoka kwenye beseni lake ikiwa na kasi ya ajabu.

Wapo watakaosema turuhusu zote, mchezo ni mchezo. Mimi napinga. Mtoto mwenye mjomba Dar es Salaam atakuja na pia ya dukani, na mtoto wa Kagunga atakuja na ya mpera aliyoichonga siku tatu, na itarushwa nje kwa sekunde nne. Hujaandaa mashindano hapo, umeandaa maonyesho ya nani ana mjomba. Kama zipo nyingi, zipe kundi lake. La sivyo kanuni iwe moja: kila mtu anacheza pia ya mti, ya kamba, aliyochonga mwenyewe au iliyochongwa kijijini.

Na zile za dukani zenyewe ni wajukuu wa mchezo wa mtaani. Wajapani wana pia ndogo za chuma ziitwazo beigoma, ambazo zamani zilikuwa makombe ya konokono wa baharini yaliyojazwa mchanga na kuzibwa. Uwanja wake ni kitambaa kigumu kilichotandazwa juu ya ndoo au pipa na kufungwa kwa kamba, kikabonyea kidogo katikati. Pia zote mbili zinateremkia katikati, zinagongana, moja inatoka. Malaysia nako wana gasing, nyingine nzito kufikia kilo 5, na wamezigawa kwa akili: kuna mashindano ya kupigana na kuna ya kudumu, ipi itazunguka muda mrefu zaidi. Wazo la ndoo na kitambaa tulichukue kama lilivyo. Turubai kuukuu Kagunga halikosekani, na ndoo zipo kila nyumba. Kwa pia za kamba ndoo ni finyu, tumia karai pana au nusu pipa, turubai likazwe kwa mpira wa tairi la baiskeli.

Kuhusu mti: mpera ni mgumu na haupasuki ovyo. Mwembe unafaa kwa wanaojifunza. Chukua matawi yaliyokatwa mashambani. Asitumwe mtoto yeyote kuchonga porini upande wa Gombe. Ile ni hifadhi ya taifa tangu 1968 na askari wa hifadhi hatasikiliza habari za pia.

Fizikia kidogo

Wasomaji wa sayansi mtanivumilia. Pia husimama kwa sababu kitu kinachozunguka hukataa kubadilisha mwelekeo wa mhimili wake. Ukaidi huo unategemea kasi na mahali uzito ulipo. Ukiusogeza uzito uleule mara mbili mbali na mhimili, ukaidi wa kuzunguka unakuwa mara nne. Kwa hiyo pia nene tumboni, fupi, iliyo karibu na ardhi, hudumu kuliko ndefu nyembamba ya uzito uleule. Adui yake ni msuguano kwenye ncha. Msumari mkali hugusa sehemu ndogo na pia hudumu; msumari butu, wa duara, hufanya pia itembee uwanjani na kumfuata mwenzake. Mchongaji anachagua: kukaa au kushambulia. Hakuna pia inayoyaweza yote mawili kikamilifu, na hapo ndipo utamu wenyewe ulipo.

Jambo ambalo wengi hawalioni: mwelekeo. Pia mbili zinazozunguka upande mmoja, zikigusana, kingo zake zinakwenda kinyume, kwa hiyo zinapigana kwa nguvu na kuruka. Zikizunguka pande tofauti, kingo zinakwenda pamoja kama meno ya gia, zinasuguana kwa upole na pambano linarefuka. Mtu wa mkono wa kushoto mara nyingi hurusha pia inayozunguka kinyume na wenzake. Mtasikia malalamiko kwamba "anaharibu mchezo." Haharibu. Andikeni kwenye kanuni kwamba kushoto ni ruksa.

Kanuni

Usihangaike na mizani. Mizani ya dukani haitoi tofauti ya pia mbili za kiganjani. Chukua ubao, toboa tundu la sentimeta 6. Pia inayopita ni halali, isiyopita inarudi kwa mchongaji. Kila mtu anaona kwa macho yake, hakuna wa kumlaumu. Msumari usitokeze zaidi ya sentimeta 1.5, na ncha ipigwe tupa. Pia ya kamba ikiponyoka ni jiwe lenye msumari, kwa hiyo watazamaji wakae meta mbili nyuma ya mstari wa chokaa, na watoto wadogo wasikae chini mbele.

Pointi ziwe hivi: ya mwenzako ikizima yako ikiwa bado inazunguka, pointi 1, ukimtoa nje ya uwanja, 2. Wa kwanza kufikisha 4 ameshinda. Zikizima pamoja au zikitoka pamoja, mnarudia. Kurusha ni kwa hesabu ya refa, "moja, mbili, achia", na anayewahi au kuchelewa anaonywa mara moja, ya pili anampa mwenzake pointi.

Ugomvi wote utazuka kwenye ile sekunde ya mwisho, pia mbili zinayumbayumba na kila upande unapiga kelele kwamba yake ndiyo ya mwisho kulala. Siku hizi mtu atachomoa simu na video. Ushauri wangu, video isikubalike. Ukiikubali moja utaikubali ya kila mtu, na kila pambano litakuwa kesi. Refa akiwa na shaka, mnarudia. Sekunde thelathini za kurudia ni rahisi kuliko nusu saa ya kubishana. Na refa asiwe mtu wa kamati. Mwombeni fundi seremala au mwalimu mzee anayeheshimika, mtu ambaye kijana akimjibu vibaya ataulizwa nyumbani kwao.

Ratiba

Tuseme wamejiandikisha 24. Ukiwachezesha kwa mtoano wa moja kwa moja utakuwa na mapambano 23, haraka sana, lakini wanane watapita bila kucheza raundi ya kwanza na wanane wengine watatolewa kwa pambano moja. Mtu katembea kutoka kitongoji cha juu, amecheza dakika tatu, basi. Ukitaka kila mmoja akutane na kila mmoja ni mapambano 276, na kwa dakika 4 kila moja ni zaidi ya saa 18. Mtalala hapo.

Fanya makundi manane ya watu watatu. Kila kundi lina mapambano matatu, jumla 24, na kila mtu ana uhakika wa kucheza mara mbili. Vinara wanane wanaingia robo fainali, nusu, mshindi wa tatu na fainali, mapambano 8. Jumla 32. Kwa nyanja mbili hatua ya makundi inakwisha kwa dakika 48, mtoano kwenye uwanja mmoja dakika 32. Weka saa mbili na nusu kwa sababu binadamu si saa. Kundi likifungana, kila mmoja kashinda moja, angalia tofauti ya pointi. Zikilingana hata hapo, pia zote tatu ziingie uwanjani kwa pamoja, ya mwisho kusimama inapita. Nakuhakikishia watu wataombea makundi yafungane.

Ruhusa, maji, na fedha

Barua iende kwa mtendaji wa kijiji, nakala kwa mwenyekiti wa kitongoji, na kama mnachezea mwaloni waambieni BMU, kwani eneo lile wanalisimamia wao. Barua moja ya ukurasa mmoja: siku, saa, mahali, idadi, nani anawajibika.

Choo na maji msiviweke mwisho. Mei 2015 makumi ya maelfu ya watu waliokimbia Burundi walirundikana kwenye ufukwe huohuo wa Kagunga wakisubiri MV Liemba iwapeleke Kigoma, na kipindupindu kikazuka. Meli ilibeba kama watu mia sita kwa safari, na waliobaki walikunywa maji ya ziwa lilelile. Wenyeji wanakumbuka, na mtu mzima atakayekuuliza kwanza "vyoo viko wapi?" hakukatishi tamaa. Watu mia mbili kwa nusu siku si elfu hamsini, lakini ndoo mbili za maji yaliyotibiwa, sabuni na ruhusa ya kutumia vyoo vya shule ni gharama ndogo sana.

Na mpaka uko pale, kwa hiyo majina ya kujiandikisha yatakuwa ya Kiha na ya Kirundi mchanganyiko, wengine ndugu kabisa. Fomu iulize jina na kitongoji, basi. Ukianza kuuliza uraia kwenye mchezo wa pia, nusu ya wachezaji wazuri hawatatokea.

Fedha ndizo zinanitia wasiwasi kuliko yote. Msimu ziwa limefungwa, mfuko mtupu, na vijana wawili wakikaa mbele ya pia zinazozunguka kitu cha kwanza kitakachosemwa ni "weka buku." Ikishaingia hapo, refa wenu amekuwa mwamuzi wa kamari, na michezo ya kubahatisha nchini inahitaji leseni ya Bodi. Kwa hiyo msikusanye kiingilio kikageuka zawadi. Zawadi iwe kitu kilichochangwa: kitenge, tochi ya sola, kilo za unga, na kwa mtoto madaftari. Mkiona kundi linaweka hela pembeni, refa asimamishe mchezo mpaka hela zirudi mfukoni. Atafanya hivyo mara moja tu kama hatanii.

Pia zote zilizofika robo fainali ziandikwe jina la mchongaji kwa kalamu ya wino mzito na ziachwe shuleni mpaka wiki ijayo, watoto wazishike, wapime, waone msumari ulivyopigwa tupa. Karai na turubai vibaki kwa mwenyekiti wa kitongoji. Nyinyi mwenye boti ya asubuhi atakuwa anawaita.