SOMO LA AFYA: TUSIIACHE SAUTI YA MZEE IPOTEE

Pale Kigwa, kwenye njia ya zamani ya misafara ya Tabora, tulimtembelea mzee mmoja aliyehitimu kisomo cha watu wazima. Tulikuta wanawe wanajadiliana kuuza ng'ombe wake. Mwenyewe alikuwa amekaa pale pale, lakini hakuna aliyemwuliza. "Babu siku hizi ananong'ona tu," mjukuu alituambia.

Mkono wa mzee hutetemeka na mwendo wake umekuwa wa polepole. Ana ugonjwa wa Parkinson, ulioitwa kwa jina la daktari Mwingereza aliyeueleza mwaka 1817. Si uchawi, wala hauambukizi. Chembe za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia mwili kujongea, hufa kidogo kidogo. Wataalamu walipopita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, waligundua kuwa wagonjwa wengi hawajawahi kupimwa. Dawa zipo. Haziponyi, ila hupunguza dalili. Kwa hiyo kwanza tumpeleke mgonjwa hospitali.

Mbona sauti hupungua? Misuli ya kifua na koo hulegea katika kazi yake, na mgonjwa mwenyewe hatambui. Anadhani anasema kwa nguvu! Basi inafaa ajizoeze kusema kwa nguvu kuliko anavyoona inatosha.

Mazoezi ya kila siku nyumbani:

1. Akae wima, avute pumzi, aseme "aaa" kwa sauti kubwa mpaka pumzi iishe. Arudie mara kumi. Koo likiuma, apumzike.

2. Ahesabu hadi 20, kama anayemwita mtu ng'ambo ya shamba.

3. Asalimie "Mwangaluka!" mpaka aliye uani aitikie.

4. Asome gazeti hili kwa sauti, sentensi moja moja.

Nasi tulio naye tuzime redio, tumtazame usoni, tumsubiri. Tusimmalizie maneno. Akiwa anapaliwa wakati wa kula, tumwone daktari upesi, maana chakula kinaweza kuingia mapafuni.

Yule mzee alisoma kichwa cha gazeti mara tatu. Mara ya tatu tulimsikia tukiwa mlangoni. Kisha akawageukia wanawe: "Ng'ombe yule ana mimba. Msimuuze." Hakuuzwa.

MASWALI

1. Kwa nini mgonjwa hatambui kuwa sauti yake ni ndogo?

2. Taja mambo matatu ambayo jamaa wanaweza kufanya ili kumsaidia.

3. Je, nyumbani kwako yuko mzee asiyeulizwa neno?